Moshi Haukaushi Kifua

Watu wa Katonga walianza kusema kwamba mama yangu anaringa kabla hawajasema kwamba anaumwa. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo, na ndiyo maana naanza nalo.

Kwetu salamu haipitwi mbio. Ukipanda asubuhi kutoka mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, ukamkuta mtu anafagia mlangoni kwake, unasimama. Unamuulizia usingizi, unamuulizia watoto, mgonjwa wa nyumba ya pili, mgeni aliyefika juzi, kisha na yeye anakurudishia moja moja. Mama alikuwa hodari wa mambo hayo. Kutoka ufukweni hadi kwake ni kilima kifupi tu, lakini alikipanda kwa vituo, na kila kituo kilikuwa na mazungumzo yake. Halafu akaanza kupunguza. Kwanza aliacha kuulizia wageni, kisha akaacha watoto, mwisho akawa anainua mkono tu na kupita. Mtu akimwamkia shikamoo, anaitikia "mara," anavuta hewa, na "haba" inakuja baadaye, au haiji kabisa.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Katubuka, na wateja wangu wengi hushuka mwaloni kununua kitoweo, kwa hiyo habari za mama nilizipata kila wiki bila kuuliza.

"Mama yako siku hizi ana maringo," mteja mmoja aliniambia nikiwa nampima kiuno. "Tangu ufungue kibanda chako, hatusalimii."

Niliikaza ile futi ya kupimia zaidi kidogo ya ilivyotakiwa. Siku iliyofuata nilifunga mapema nikaenda kumuuliza mwenyewe. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, viganja juu ya magoti, mabega yamepanda juu. Nilimweleza wanayoyasema watu. Hakukasirika.

"Nikiwa napanda siwezi kupanda na kusema," alinijibu. "Nachagua moja. Nachagua kufika."

Alilisema kwa sauti ya mtu anayekuambia kwamba leo sokoni hakuna nyanya. Mtu aliyepanda kilima kile maisha yake yote sasa anapaswa kuchagua kati ya miguu na mdomo, na hakuna aliyeona ajabu. Majirani waliona kiburi, mama mdogo aliona uzee, na mama mwenyewe aliona kawaida.

Mama alikuwa anabanika samaki. Hiyo ndiyo kazi iliyonilea. Banda lake lilikuwa nyuma kidogo ya mwalo, kuta za udongo, paa la mabati yaliyogeuka meusi, na ndani chanja ndefu iliyojaa migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyopangwa kichwa kwa mkia. Chini ya chanja moto haukutakiwa uwake, ulitakiwa utoe moshi. Moto ukiwaka samaki wanaungua, ukizima wanaoza, kwa hiyo kazi nzima ni kuukatalia moto kufanya vyote viwili. Unaweka kuni mbichi, unatupia maranda ya mbao, unainama, unapuliza kidogo, unafunika kwa bati, unafunua, unapuliza tena. Wanawake wa banda lile walifanya hivyo kuanzia mitumbwi inapoingia asubuhi hadi jua linapoegemea upande wa Kongo. Wote walikohoa. Kikohozi chao walikiita kikohozi cha kazi, na msichana mgeni akianza kukohoa walimpongeza kwamba sasa ameajiriwa.

Mama hajawahi kuvuta sigara, hata ugoro hakuujua. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila niliyemweleza habari zake aliniuliza swali hilo, na nikijibu hapana, aliinua mabega kwamba basi si kitu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Wanawake wa bandani walikuwa na imani yao, na sijaikuta mahali pengine. Waliamini kwamba moshi unakausha kifua. Mwenye kikohozi cha makohozi hakukimbia moshi, aliusogelea. Alikaa karibu na chanja, upande ule moshi unakotoka mzito, akafungua mdomo akavuta. Wenyewe waliita kujikausha. Mama alinieleza sababu yake kwa utulivu kabisa, na sababu yenyewe ilikuwa imenyooka kiasi kwamba kuipinga kulikuwa kazi.

"Samaki anaozeshwa na nini?" aliniuliza.

"Na joto."

"Na maji," alinisahihisha. "Maji yaliyomo ndani yake. Moshi ukimpita, maji yanatoka, unamsafirisha mpaka Tabora na hanuki. Sasa kifua changu kina maji, nakohoa maji kila asubuhi. Kinataka nini?"

"Mama, wewe si mgebuka."

"Na wewe si daktari. Shona nguo zako."

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipokwama kila mara. Nilirudi Katubuka nimenuna, nikakanyaga cherehani kwa hasira mpaka sindano zikavunjika.

Dalili hazikuja siku moja, na kila moja ilipokuja ilikuta tumeshaiandalia jina jingine. Midomo, kwa mfano. Mama alianza kutoa pumzi akiwa amekunja midomo, polepole, kama anayepuliza moto. Nilimwona akifanya hivyo akiwa amekaa tu sebuleni, hakuna moto wala jiko. Niliwaambia wenzake, wakacheka.

"Mdomo umezoea kazi," mmoja wao alisema. "Hata usingizini anapuliza kuni."

Ilikuwa kweli kwamba maisha yake yote amepuliza moto, kwa hiyo nani angejua kwamba safari hii anapuliza ili apate kupumua?

Au lile gauni. Kila Idi namshonea mama gauni, na vipimo vyake navijua kwa moyo, simpimi tena. Idi moja nikamletea, akaingiza mikono, likagoma kifuani. Nyongani likapwaya. Mabegani likapwaya. Mikono ilikuwa inaelea ndani ya kitambaa. Nikachukua futi nikampima upya, nikakuta kifua kimetanuka pande zote, mbele na nyuma, kimekuwa cha mviringo, wakati mwili mwingine wote umepukutika. Mama mdogo alikuwepo. Akasema, "Mashallah, dada anarudisha mwili." Anarudisha mwili! Shingo ya mama ilikuwa imebaki mishipa, na kila alipovuta hewa misuli ya pale juu ya mfupa wa bega iliingia ndani ikatengeneza shimo. Nilipanua gauni kifuani nikalibana kwingine kote, na lilipokamilika halikufanana na gauni la mtu yeyote niliyewahi kumshonea.

Kula pia kulimshinda. Alikuwa anaweka tonge chini katikati ya kutafuna, anapumzika, analichukua tena. Akisema shibe, nilijua si shibe, kwa sababu macho yalikuwa bado kwenye sahani. Siku moja alikiri: "Kutafuna kunanichosha." Mama mdogo akasema ni kijicho cha watu wa mwaloni, akaleta kombe la kunywa, maji yaliyooshewa aya. Mama akanywa, kwa adabu, akipumzika kati ya funda na funda.

Nilimwendea mwuzaji wa duka la dawa la jirani nikamweleza. Aliniuliza kama anakohoa, nikasema ndiyo, akanipa dawa ya maji ya kikohozi. Nikarudi, akanipa vidonge vya pumu. Nikarudi tena, akanipa vya minyoo. Hakumwona mgonjwa hata siku moja na wala hakuomba amwone. Mimi nilichotaka ni kumpeleka mama hospitali, apigwe picha ya kifua, asikilizwe na mtu aliyesomea. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba mama hakuwa mjinga wala mkaidi tu. Alikuwa anaogopa, na alichokiogopa kilikuwa na akili yake.

"Nikienda kule," aliniambia siku ambayo nilimbana sana, "watanikingia makohozi kwenye kikopo. Atakuwepo mtu wa Katonga kwenye foleni, hakosekani. Jioni mwalo mzima utasema nina kifua kikuu. Nani atanunua samaki niliyempulizia?"

Mbanika samaki akivumishiwa kifua kikuu, hata paka hagusi chanja yake. Nilimwambia kwamba kifua kikuu kinatibika, akasema kinachotibika ni kifua, jina halitibiki. Nilimwambia hata kama si hicho kuna magonjwa mengine, akasema basi kama si hicho kuna haja gani ya kwenda. Nililia kwa hasira. Yeye alinipa kanga yake nijifute, akainuka kwenda bandani, na njiani akasimama mara kadhaa akijifanya anatazama ziwa.

Halafu ziwa likafungwa. Siku hizi serikali inalifunga kwa miezi kadhaa kila mwaka, wavuvi wanapandisha mitumbwi mchangani, samaki wazaliane. Watu wa mwaloni walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Mimi peke yangu nilifurahi. Chanja zilikuwa tupu, mabanda yamefungwa, moshi umekwisha. Nilijiambia kwamba sasa kifua cha mama kitapumzika, mapafu yatajisafisha, na ziwa likifunguliwa atakuwa anapanda kilima huku anapiga soga. Nilimhesabia nafuu kila nilipomtembelea. Leo amekohoa kidogo. Leo amekula zaidi. Nilijidanganya.

Kwa kweli alizidi kudhoofika. Kikohozi kilipungua kidogo, lakini pumzi haikurudi. Aliacha kulala chali, akawa analala ameegemea mito ukutani. Alianza kuoga amekaa. Kufunga kanga kifuani, jambo analolifanya mwanamke bila kufikiri, lilimfanya atulie kitandani kwanza kabla ya kutafuta viatu. Nilimletea bajaji mlangoni twende hospitali, na yeye akajifungia chooni mpaka dereva akachoka kusubiri akaondoka. Niligonga ule mlango mpaka majirani wakatoka. Nilimwita mama yangu majina ambayo sitayaandika.

Alipotoka, akiwa ameshika ukuta, aliniambia maneno yaliyonimaliza.

"Unaona? Moshi umeacha, na mimi nimezidiwa. Si nilikuambia? Moshi ndio ulikuwa unanishikilia."

Nilikaa chini pale pale uani. Kwa akili yake, ushahidi umekamilika: palipokuwa na moshi alitembea, moshi ulipoondoka akaanguka. Nilijua amekosea lakini sikujua amekosea wapi, na hakuna kitu kinachouma kama kujua bila kuweza kueleza. Siku ziwa lilipofunguliwa, mama alikuwa wa kwanza kufungua banda. Alibebewa kigoda na jirani. Aliketi upande wa moshi mzito, akafungua mdomo.

Siku chache baadaye mama mdogo alinipigia simu asubuhi, nikiwa na mteja. Yeye anakaa Ujiji, lakini siku hiyo alikuwa ameshuka mwaloni kuchukua dagaa wa kuuza.

"Njoo umwangalie dada," alisema. "Anatazama watu vibaya."

Nilimkuta mama ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya banda, ameinama mbele, mikono magotini. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbia, na hakuwa amekimbia popote. Wenzake walimwambia anywe tena dawa ya tangawizi, mwingine alikuwa ameshaleta blanketi na sufuria ya maji ya moto ili ajifukize. Nilisukuma sufuria kwa mguu, ikamwagika, wakanishangaa.

"Mama, unajisikiaje?"

"Sa," alisema. Akavuta hewa. "Sama." Akavuta. "Ki."

Alitaka kuniambia samaki wataungua. Neno moja alilikata vipande vitatu, na lenyewe si neno la kumhusu yeye. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na kucha pia, nilizitazama kwa sababu nimezoea kutazama mikono ya watu. Makohozi aliyotema mchangani hayakuwa yale meupe ya siku zote, yalikuwa ya kijani, mazito. Mwili ulikuwa wa moto. Kisha akaniuliza kama baba amesharudi kutoka Kalemie. Baba alifariki zamani.

Hapo sikuomba tena ruhusa. Tulimpakia kwenye bajaji, mama mdogo nyuma akimshikilia aketi wima, kwa sababu kila tulipomlaza alipigana nasi. Mama mdogo, ambaye miaka yote alisema ni uzee na kijicho, alikuwa analia akiniambia niharakishe, mimi ambaye siendeshi. Nilimwambia anyamaze, na sijamwomba radhi bado.

Hospitalini hawakumkingia kikopo kwanza. Walimbana kidole kwa kifaa kidogo, wakasoma namba, wakatazamana, wakamwekea hewa ya oksijeni puani. Kidogo kidogo, wala si nyingi kama nilivyodhani ingefaa, kwa sababu mapafu ya namna ile, walisema, hayapewi oksijeni ovyo. Wakamwekea dawa kwenye mshipa na nyingine ya mvuke ya kuvuta. Jioni alinitambua. Siku zilizofuata zilikuja picha, vipimo, makohozi kwenye kikopo. Na kweli, kwenye foleni ya maabara alikuwepo mwanamke wa Katonga.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mpole, amechoka. Alimwuliza mama swali lile lile la sigara.

"Sijawahi," mama alijibu kwa fahari.

"Kazi yako?"

"Nabanika samaki."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kabla sijaolewa."

Yule binti aliweka kalamu mezani. Alitueleza kwamba ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vidogo vya hewa, na moshi wa miaka mingi umekula kuta zake, vimelegea na kuungana vikawa mifuko mikubwa isiyoweza kusukuma. Hewa inaingia, kutoka inakataa. Kifua kimetanuka kwa sababu kimejaa hewa ya zamani iliyokwama. Zile pumzi za midomo iliyokunjwa, mwili umejifunza wenyewe kuzuia njia za hewa zisijifunge, na aendelee nazo. Alisema jina la kitaalamu, emfisema, nikamwomba alirudie. Safari hii maambukizi yalikuwa yameingia juu ya mapafu ambayo hayana akiba, ndiyo maana akili ilimpotea. Kwa maneno mengine, kila kitu nilichokiona kwa miaka mingi kilikuwa na maelezo, na maelezo yote yalitoka kwa muda mfupi, mtu akiwa amesimama.

Nilimuuliza kuhusu ziwa kufungwa. Mbona moshi ulipoacha alizidiwa?

"Yaliyoharibika hayarudi," alisema. "Kuacha moshi kunalinda yaliyobaki. Angekuja wakati ule alipoanza kushindwa kilima, tungelinda mengi zaidi. Na asingerudi bandani ziwa lilipofunguliwa, pengine asingefika hapa hivi."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani anaumia. Kisha akainua uso.

"Kwa hiyo si kifua kikuu?"

"Makohozi ni safi, mama. Si kifua kikuu."

Uso wake uling'aa jinsi ambavyo sijauona tangu harusi yangu. Aliniambia niende mwaloni siku hiyo hiyo nikawatangazie. Nilitaka kuutikisa ule mto aliouegemea. Ameambiwa kwamba mapafu yake hayatapona, na yeye anashukuru kwa jina alilokwepa! Lakini niliteremka mwaloni, nikatangaza.

Na nikiwa kule niliwaambia wenzake mengine ambayo mama hakunituma. Niliwaambia kwamba moshi haukaushi kifua, unakitafuna. Niliwaambia mtu akianza kusimama njiani kwa kisingizio cha kutazama ziwa, akikohoa asubuhi miezi na miezi, akipungua mwili huku kifua kinatanuka, asisubiri, aende akapimwe hata kama hajawahi kugusa sigara. Na akishindwa kumaliza neno, midomo ikageuka rangi, makohozi yakabadilika na homa ikapanda, au akaanza kuulizia wafu, hapo si tangawizi wala blanketi, ni kubebwa siku hiyo hiyo. Niliwaambia watoboe paa moshi upate pa kutokea, wakae upande upepo unakotoka. Walinisikiliza vizuri. Mmoja akasema, "Ahsante mwanetu, lakini mama yako alikuwa na kifua kibovu tangu zamani." Halafu akainama akapuliza. Niliondoka nikiwa nimekunja ngumi ndani ya kanga.

Sasa mama anakaa kwangu Katubuka, ambako hakuna kilima. Anavuta dawa yake asubuhi na jioni, na mimi nasimama naye mpaka aivute vizuri, kwa sababu akiachwa anaipulizia hewani kama manukato. Napika kwa gesi. Anatembea mpaka mlangoni na kurudi, jambo ambalo daktari amelisisitiza, na analalamika kila hatua. Banda amelichukua mama mdogo, pamoja na chanja, na yeye hasikii la mtu. Hayo nayo ni yangu kuyabeba.

Mchana mmoja nilikuwa nakata kitambaa na mama amekaa karibu yangu, ameegemea mto. Kisha akauliza, kwa vipande, kama anavyouliza siku hizi.

"Kwa nini. Hukunilazimisha?"

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, nikauweka chini kwanza.

"Mama! Nilikuomba mpaka nikachoka. Nikakulilia. Nikakutukana mbele za watu."

"Uliomba," alisema. Akapuliza pumzi polepole. "Anayeomba hukataliwa. Ungenipiga."

"Nikupige?"

"Ungenifunga kamba. Ungenipandisha. Kama mbuzi wa Idi."

Miaka yote ile, yeye ndiye alinifukuza, yeye ndiye alijifungia, na sasa kosa ni langu kwa kuwa sikumfunga kamba. Nilifungua mdomo nimjibu, hasira imenijaa mpaka shingoni, lakini nikajiona mbele ya macho yangu nikimburuta mama yangu kupanda kile kilima kwa kamba, majirani wamesimama milangoni wakisubiri salamu, na kikanitoka kicheko. Yeye akaniona, akacheka pia, kile kicheko chake cha zamani cha kuanzia tumboni.

Kilimshika pale pale. Akainama mbele, midomo ikageuka rangi, mkono ukatafuta ukingo wa meza yangu. Nilimshika mabega nikamwinamisha, nikamwambia pumua polepole mama, kunja midomo, usicheke tena, tafadhali, nyamaza, usicheke. Tulikaa hivyo muda mrefu mpaka hewa ikamrudia. Alipoweza kusema aliniambia nisihangaike, kicheko kile kilistahili hata kwa bei hiyo.

Kwangu mimi hakikustahili. Tangu siku hiyo nikikaa na mama yangu nayachunga maneno, na likinijia la kuchekesha nalimeza.